Wapaki, Alisema Mzee

Mume wangu alikuwa mtu wa mapatano. Sijui kazi hiyo ina jina gani lingine. Hakuwa dalali, kwa sababu dalali hula pande zote mbili, na yeye mara nyingi alirudi nyumbani na njaa. Lakini ukitamani fahali wa mtu kule Siongiroi na mwenyewe hataki kumtoa, ulimwita mume wangu. Ndugu wakikosana juu ya mpaka, aliitwa. Watu wa upande wetu wa kijito walipotaka banda la kupimia majani chai lijengwe kwao na si ng'ambo, waliitana wakamwita, na banda likajengwa kwetu. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na mwenye kiburi ambacho watu hawakukiona. Mimi nilikiona, maana ndiye niliyekuwa nikimpigia pasi mashati.

Alikuwa na kanuni zake, na alizirudia mezani kama katibu wa kanisa anayesoma matangazo. Anayetaja bei kwanza ameshapoteza. Usikubali jambo ukiwa umesimama. Ukitoka kwenye maneno usitembee haraka, hata mvua ikunyeshee, kwa sababu watu wanakutazama mgongo. Na ile aliyoipenda kuliko zote: neno likishafungwa, usirudi kuliuliza, maana ukiliuliza umelifungua. Nilizijua kanuni hizo kama nilivyojua Baba Yetu, na kusema kweli zilinichosha.

Sisi tulitoka milima ya Kisii. Yeye alikuwa ametangulia kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, akapanda mpaka akawa mnyapara wa kitalu, na huko ndiko alikojifunza kuotesha miche. Serikali ilipoanza kuwaruhusu wakulima wadogo kupanda chai, mzee mmoja Mkipsigis wa upande wa Merigi alimtafuta. Mzee alikuwa na mteremko mzuri na hakujua chai. Mume wangu aliijua chai na hakuwa na mteremko. Wakakaa siku nyingi wakinywa mursik, maziwa yao ya kugandisha, na mwishowe wakapatana: mume wangu angempandia mzee chai yote na kuwafundisha wanawe kuipogoa, na mzee angemkatia kipande cha kujenga na kupanda chake. Hakuna kilichoandikwa. Baadaye mdogo wangu na mumewe wakaja, wakapewa kipande karibu na barabara, kisha jamaa wengine wachache wa kwetu. Wote waliingia kwa mkono wa mume wangu.

Sharti moja la mzee tulilijua sote, maana alilisema wazi siku tulipojenga. Shamba ni lako maadamu nyumba yako ina paa. Siku utakapoezua paa kwa mkono wako mwenyewe, umelirudisha, na hakuna kesi. Tulilipenda sharti hilo. Tuliona ni jepesi, kwani ni nani angeamka asubuhi aezue nyumba yake?

Mzee tulimpenda pia, ila tulimcheka. Kiswahili chake kilikuwa kile cha watu wengi wa pale, b inageuka p, d inageuka t, na g inapotelea kwenye k. Akimwamkia mume wangu alisema, "Papa watoto, hujampo?" Kikombe kikipungua alisema aletewe pakuli kupwa. Mume wangu alimwiga vizuri sana. Jioni watoto walimwomba, "Baba, sema kama mzee," naye akasema, nasi tukashika mbavu. Aliamini kwamba yeye ndiye mwerevu katika mapatano yale na mzee ni mtu mwema tu. Nami niliamini hivyohivyo.

Kisha ukaja uchaguzi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na watu wawili walikuwa wakitaka kiti. Mmoja alikuja kwetu kwa Landrova, akakaa sebuleni, akala kuku wangu. Mume wangu akafanya naye yale aliyozoea kufanya na wenye mafahali: kura zetu sote wageni kwa murram, changarawe ya barabara, mpaka kwenye banda la majani. Nilimwambia fahali akikataa kuuzwa unarudi nyumbani, lakini mtu wa siasa akishindwa hurudi kwake na kukuacha wewe na majirani. Akanitazama kwa huruma, jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu.

Mtu wetu alishindwa.

Tangu siku hiyo niliogopa, na sioni aibu kusema. Salamu zilipungua. Kwenye foleni ya banda la majani wanawake niliozoea kucheka nao walisogeza vikapu vyao wakaacha nafasi kati yao na mimi. Vijana wa yule aliyeshinda walipita barabarani wakiimba, na wakifika mbele ya boma letu walinyamaza. Asubuhi moja tulikuta lango letu limefungwa kwa kamba kutoka nje. Hakuna kilichoibwa, hakuna aliyeguswa. Mume wangu alikata kamba kwa panga, akasema ni mchezo wa watoto. Nililaza watoto wote kitanda kimoja, na gari lolote lililopanda kilima nililisikiliza mpaka litokomee.

Mwishowe wazee wa pale waliitisha kikao cha kuamua habari ya wageni. Kilifanyika kwenye malisho ya mzee, karibu na josho la ng'ombe. Wanaume wa kwetu waliketi nyasini upande wa chini. Sisi wanawake tulisimama nje ya ua wa josho, na ile harufu ya dawa mpaka leo nikiisikia natafuta watoto wangu walipo. Vijana walisimama upande wa juu na marungu yao. Wazee walikuwa katikati, na waliongea Kikipsigis asubuhi nzima. Mume wangu hakupewa nafasi ya kusema hata neno moja. Wewe ndiye unayesemwa, aliambiwa, anayesemwa hasemi. Nilimtazama pale nyasini, mtu aliyeishi kwa ulimi, amekaa na mikono magotini. Mganga hajigangi.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, mzee wetu alisimama. Alisema maneno machache kwa lugha yao, kisha akatugeukia na kusema kwamba uamuzi atautoa kwa Kiswahili, ili wageni wausikie wenyewe bila mkalimani. Akanyoosha fimbo yake kuelekea nyumba zetu.

"Hawa watu," akasema, "wapaki."

Akakaa.

Ni lazima nieleze neno hilo lilivyotuingia. Kwenye mashamba makubwa ya chai, mtu akifutwa kazi hakupewa hotuba. Mnyapara alikuja mlangoni akasema, "Paki." Basi. Ulifunga sufuria na blanketi, na kabla ya jua kutua nyumba ya kampuni ilikuwa ya mwingine. Waume zetu wote walipitia huko. Mume wangu mwenyewe aliwahi kulisema neno hilo kwenye milango ya watu. Kwa hiyo liliposemwa pale malishoni, lilitukuta tunalijua tayari. Mdogo wangu, aliyekuwa kando yangu, alikaza kanga aliyombebea mtoto wake mchanga.

Lakini niliona jambo moja ambalo sikulielewa. Vijana wa upande wa juu walipiga mluzi wa furaha wakainua marungu. Na wazee wa katikati, hata wale ambao najua walikuwa wakitutetea, walitikisa vichwa kwa kuridhika na kuanza kujikung'uta nyasi. Nilijiuliza watu waliokuwa wakigombana asubuhi nzima wameridhikaje wote kwa pamoja.

Mume wangu alitoka pale akitembea haraka. Mimi nilikuwa nyuma nikimkimbilia, na niliogopa ule mwendo wake kuliko marungu. Alipofika kwa mdogo wangu, karibu na barabara, hata hakusimama. Alimwambia shemeji yangu, "Umesikia mwenyewe. Tupaki kabla hawajaja." Shemeji yangu alikuwa mtu wa vitendo, si wa maneno. Hatujafika kona, tayari nilisikia nyundo ikig'oa misumari ya bati.

Nyumbani mume wangu alitoa masanduku chini ya kitanda. Nilikuwa nakunja nguo za watoto, machozi yakianguka juu yake, ndipo lile jambo la wazee na vijana likarudi kichwani. Nikasimama na suruali ya mtoto mkononi.

"Baba watoto," nikamwambia, "mzee akitaka kusema wabaki, anasemaje?"

Akanitazama. Yeye, mwigaji hodari kuliko wote, alifungua mdomo kulisema neno kama mzee, na likatoka lilelile. Akalisema tena polepole. Likatoka lilelile.

Hapo ndipo hofu ilipokuwa hofu kweli. Ukiambiwa uhame, unajua la kufanya. Lakini sasa tulikuwa na neno lenye milango miwili, na nyuma ya kila mlango kuna hasara. Kama mzee alisema tuhame nasi tukakaa, ni ukaidi, na vijana wangekuja na viberiti. Kama alisema tubaki nasi tukaezua paa, tumerudisha shamba kwa mikono yetu, chai na kila kitu, na hakuna kesi. Na jua halikuwa linatungoja.

Nikamwambia aende akamuulize mzee. Akakataa. Akaketi juu ya sanduku akaanza: neno lililofungwa halifunguliwi. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilimwambia kanuni zake azipeleke Siongiroi zikauze mafahali. Nilimwambia kuuliza si ujinga, ujinga ni kukaa juu ya sanduku. Nikachukua kibuyu cha mke wa mzee, kilichokuwa kwetu tangu siku za salamu, kiwe sababu yangu njiani, nikatoka. Sikupita barabarani. Nilikata katikati ya michai, nikateremka kijitoni, nikapanda upande wa pili, na kila nilipoona kichwa cha mtu juu ya michai niliinama kama mwizi katika shamba ambalo mume wangu ndiye aliyelipanda.

Mzee alikuwa ndani ya zizi la ndama, peke yake. Nikamwamkia kwa lugha yake, chamgei. Akaitikia mising, bila kushangaa. Aliona kibuyu, na nadhani aliona pia kwamba sikuja kwa ajili ya kibuyu. Nilipiga magoti pale kwenye samadi.

Nikamuuliza. Niliuliza kwa Kikipsigis changu kibovu cha sokoni, ili neno lisije likanichezea tena: tukae au twende?

Mzee aliendelea kumkuna ndama shingoni. Kisha akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Mama, wewe usiniulize. Ukiniuliza, mimi nitajipu. Na nikijipu, nitajipu mpele ya vijana pia."

Sikuinuka kutoka kwenye samadi.

"Asupuhi yote tulikosana," akaendelea. "Nusu wanasema mkae, nusu wanasema muende, na vijana wako na kiperiti. Kwa Kikipsigis, kukaa ni neno lingine na kuenda ni neno lingine. Nilitafuta, sikupata. Kwa Kiswahili, kwa mtomo yangu, ni moja."

Huyu ndiye tuliyekuwa tukimcheka kila jioni. Alikuwa amelitwaa neno ambalo watoto wangu walilifanyia mzaha, akalitoa mbele ya kikao, na kila upande ukaenda nyumbani na ulilotaka. Mume wangu, pamoja na mafahali wake wote na kanuni zake zote, hakuwahi kufanya hata nusu ya jambo hilo. Nilimwogopa mzee kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote, na wakati huohuo nilitaka kumbusu miguu.

Akaniuliza kama kuna aliyeezua. Nikasema ndiyo, mdogo wangu na mumewe, pale barabarani; wengine wa kwetu walikuwa bado wakimngoja mume wangu aanze. Nilijua sharti.

Aliacha kumkuna ndama.

"Huyo amejijipu mwenyewe," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, na hakunitazama alipoongeza, "Ni vizuri. Vijana lazima waone mmoja anaenda. Wakiona mmoja, watalala. Wasipoona, watakuja kuniuliza kama wewe."

Nilisema yule ni tumbo moja na mimi. Nilisema ana mtoto mchanga. Mzee alisema pole, na naamini alimaanisha. Akachukua kibuyu mkononi mwangu, akanisaidia kusimama kwa mkono wake mwingine, akafungua lango la zizi.

Mvua ilinikuta kijitoni, ile mvua yetu ya alasiri iliyokuwa na mawe madogo ndani yake. Nilipanda kilima nikiwaza namna ya kumwambia mdogo wangu. Nilikuwa bado naamini ipo namna. Nitamvuta kando, nitamwambia kwa lugha yetu, wapigilie mabati haraka kabla mtu hajaona. Nilikuwa nikipanga sentensi njia nzima.

Nilipotokea barabarani, nyumba yao ilikuwa kuta tupu na mvua inanyesha ndani, juu ya jiko la mdogo wangu na juu ya picha za harusi alizokuwa bado hajazitoa ukutani. Lori la kubeba mahindi lilikuwa limesimama, limejaa mabati na vitanda. Na waliokuwa wakipakia ni wale vijana. Walikuwa wachangamfu, wanasaidia kwa adabu kabisa, wanambebea mama vyungu, wanamfunika mtoto kwa gunia asinyeshewe. Mmoja wao alikuwa amekulia mpakani na wenzetu, alijua lugha yetu kuliko watoto wangu. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya lori, amelowa, mikono mitupu. Alikuwa hajaezua. Alinitazama aone nimeleta nini, nikamtikisia kichwa kidogo sana, kwamba asiezue na asiulize. Alielewa, naye akatazama chini.

Mdogo wangu alikuwa ameshapanda nyuma, amepakata mtoto. Aliponiona aliinama juu ya ubao wa lori. Kila mtu alinyamaza atusikie.

"Dada," akasema, "umetoka njia ya kwa mzee. Amesema nini hasa?"

Nilikuwa na jibu, lote, mdomoni. Kama ningelitoa, shemeji yangu angeruka chini adai shamba lake, vijana wangeenda kwa mzee wakadai jibu, na mzee angejibu. Nyumba zetu zote, za jamaa wote tuliowaleta, na watoto wangu waliokuwa wakinisubiri nyumbani, zilikuwa juu ya ulimi wangu. Nilimtazama mtoto wake chini ya gunia.

"Alisema vile mlivyosikia," nikajibu.

Wale vijana wakacheka kidogo, wameridhika. Mdogo wangu hakucheka. Alinitazama nguo, akatazama njia ya kwetu, ambako paa lilikuwa bado linaonekana juu ya michai.

"Mbona wewe hujafunga vitu?"

Sasa wote walinigeukia. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Tutafunga," nikasema. "Nyinyi tangulieni, sisi tutawafuata."

Akatikisa kichwa kwamba sawa. Aliniamini, mimi ndiye niliyemlea tangu mama yetu alipofariki. Akaniambia nisisahau kumfunika mtoto wangu wa mwisho kifua njiani, ana kikohozi. Dereva akawasha gari.

Vijana hawakurudi tena kwetu. Mume wangu aliendelea kuitwa na watu, ila aliporudi alikuwa hasemi tena kanuni zake mezani. Chai yetu tuliichuma miaka mingi. Habari za mdogo wangu zililetwa na mtu aliyetoka nyumbani Kisii mwezi uliofuata. Alisema walifika salama, wakapewa nyumba ya marehemu baba, yenye vyumba viwili. Wao walijibana katika kimoja, na kile kingine mdogo wangu alikifagia, akatandika mkeka, na kila jioni alikuwa akiwasha taa ndani yake, akisema sisi tuko njiani.